Siku Tuliyopiga Ngoma ya Msiba Harusini

Mimi ni mtu wa milima. Nilizaliwa upande wa Kakamega, kati ya mashamba ya mahindi na mawe makubwa, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya kijito tulichokivuka bila kukunja sketi. Nilipohamia Kisumu kutafuta kazi na kupata chumba Nyalenda, jamaa zangu walinionea wivu kwa kuwa ningeishi karibu na ziwa. Hawakujua kwamba ziwa lenyewe lilinitisha. Lilinitisha kwa ukimya wake wa asubuhi na kwa vurugu zake za alasiri, na zaidi kwa sababu huwezi kuona lina nini ndani. Wenzangu wakienda ufukweni Jumapili kula samaki, mimi nilichagua kiti cha ndani kabisa na kuyapa maji mgongo.

Riziki yangu ni cherehani. Lakini wikendi napiga ngoma. Baba alikuwa mpigaji wa isukuti, ile ngoma ndefu ya kwetu inayobanwa kwapani, na nilijifunza kwa kumtazama mikono. Nyumbani, mwanamke kushika isukuti kulileta maneno. Kisumu hakuna aliyejali mradi watu walicheza.

Tulikuwa watatu. Kiongozi wetu alikuwa mzee Mjaluo wa mtaa wa Manyatta, mpigaji wa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane ambacho mchezaji hukiegemeza mbele yake akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi, huku kidole gumba cha mguu, chenye pete ya chuma, kikigonga mti wake kuweka mdundo. Nilimwita Baba. Yeye aliniita Nyar Kakamega, yaani binti wa Kakamega, na kwa Wajaluo hilo ni jina la heshima. Wa tatu alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alizaliwa Kisumu, na baba yake vilevile, na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Yeye alipiga kinanda cha umeme, na mzee alimwita omera, ndugu yangu.

Watu walituita kwa sababu ya mchanganyiko wetu. Mtu akiwa na shughuli ya makabila mawili au matatu, husikia kuna bendi ya Mjaluo, Mluhya na Mhindi, basi anapiga simu. Ndivyo tulivyoitwa kwenye harusi ninayoikumbuka hapa.

Bibi harusi alikuwa msichana wa ufukweni, kwao ni mbele ya Otonglo, ukiiacha barabara ya Busia na kuteremka hadi majini. Bwana harusi alitoka upande wa Mlima Kenya. Walikutana Nairobi, kazini. Vijana wenyewe hawakuwa na shida. Shida ilikuwa kwa wazee. Mama yake bwana harusi alikuwa hajawahi kufika Kisumu maishani, na hakutaka kufika. Kila uchaguzi ulipokaribia alikuwa akisikia habari za fujo za mji huu redioni na kuwaombea watu wake waliofanya biashara huku. Alikuja kwa ajili ya mtoto tu. Kanisani nilimwona ameketi na kaka zake kwenye benchi moja, wamebanana, mikoba imepakatwa, utadhani wako stesheni wakingoja gari la kurudi.

Upande wa pili wa kanisa aliketi bibi yake bibi harusi, ambaye wote walimwita Dani, yaani nyanya. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitazama lile benchi la wageni bila kupepesa. Sijui alikuwa anafikiria nini. Najua tu kwamba ibada ilikwisha bila upande mmoja kuusalimu mwingine.

Bibi harusi ndiye aliyetaka twende kwao kwa boti. Barabara ipo, na magari yalikuwepo; wageni wengi walipita huko. Lakini alitamani afike nyumbani kwa maji, na mama mkwe wake aone ziwa, alipende. Ikakodiwa boti kubwa ya mbao yenye injini na turubai juu, ya kubeba jamaa wa karibu wa pande zote mbili, maharusi, na sisi wapiga muziki.

Nilipoambiwa, nilitafuta njia ya kukwepa.

"Baba, mimi nitapitia barabarani na ngoma," nilimwambia mzee. "Nitawakuta huko."

"Sasa huko kwa boti nani atapiga? Mimi na omera peke yetu?" Alinitazama usoni, akaona. "Nyar Kakamega, hii ziwa mimi nimevuka tangu niko mtoto. Kaa karibu na mimi. Usiangalie maji. Angalia mkono yangu."

Nikapanda. Mwendesha boti aligawa jaketi za kuokoa maisha. Zilitosha kila mtu, lakini wengi walizikalia kama mito ili nguo za harusi zisikunjike. Mimi niliivaa yangu na kukaza kila mkanda hadi nikashindwa kupumua vizuri. Nilipoinua macho nikaona mtu mmoja tu mwingine aliyefanya hivyo. Alikuwa mama yake bwana harusi. Tulitazamana, kila mmoja akageuza uso.

Watu walijipanga kama kanisani. Watu wa mlimani benchi la kushoto, watu wa ziwani benchi la kulia, na sisi katikati kwenye mkeka, mzee kwenye kigoda chake, Mhindi na kinanda chake kilichounganishwa na betri na spika. Tukaondoka ufukwe wa Dunga alasiri.

Tulipiga kila tulichokijua. Nyimbo za upande wa kulia zilichangamsha kulia, kushoto kukabaki kimya. Mhindi akajaribu nyimbo za wale wageni wa mlimani, ambazo anazijua kidogo, na midomo kadhaa kushoto ikasogea, ila kulia wakaanza kupiga gumzo lao. Bibi harusi alikuwa akigeuka huku na huku akitabasamu kwa nguvu. Nilimhurumia. Lakini kusema kweli sikuwa na nafasi kubwa ya huruma. Nilikuwa nimekazia macho mkono wa mzee kama alivyoniagiza, na kila boti ilipoinama nilihesabu ni kitu gani ningeshika.

Upepo ulikuja ghafla kutoka mbele yetu. Kwanza turubai lilipiga kofi moja, halafu likaanza kutetemeka bila kuacha. Wingu lilikuwa limekaa chini sana upande wa machweo. Mwendesha boti alisimama, akaweka kiganja juu ya macho, na nikamsikia akisema neno moja kwa Kijaluo kwa sauti ya chini. Mzee aliacha kuimba.

"Nini?" nikamuuliza.

"Majani," akasema.

Nilitazama. Mbele yetu palikuwa na shamba. Sina namna nyingine ya kulieleza. Shamba la kijani, lenye maua ya zambarau, limetanda kutoka upande hadi upande, na lilikuwa linatembea. Lilikuwa gugumaji, mmea unaoelea, ambao upepo huusukuma kutoka pembe moja ya ghuba hadi nyingine. Nilikuwa nimeuona mara nyingi kwa mbali, umelala kando ya ufuko kama zulia. Sikuwahi kuuona ukija.

Mwendesha boti aligeuza. Alijaribu upande wa kulia, akajaribu kurudi tulikotoka, lakini vipande vingine vilikuwa vimeshatuzunguka nyuma. Injini ikakohoa, ikanguruma kwa sauti ya kitu kinachonyongwa, ikazima. Mizizi ilikuwa imejizungusha kwenye propela. Akainua injini, akaanza kukata mizizi kwa kisu, na alipokuwa akikata, majani yalifunga mbele, yakafunga ubavuni, yakafunga kila mahali. Maji yakapotea kabisa. Tulikuwa tumekaa ndani ya boti katikati ya bustani, na bustani ile ilikuwa inapanda na kushuka.

Halafu mvua ikaanza.

Watu walitoa simu. Mwendesha boti aliwapata wenzake Dunga, nami nikamsikia akipaza sauti. "Tumefungwa! Sijui ni wapi, pande zote ni kijani! Sioni hata mlima!" Wale wa Dunga wakamwambia wanakuja, lakini upepo ule ule unawarudisha, na hawaoni mbele kwa mvua, atoe alama yoyote. Bwana harusi akajaribu kuwatumia ramani ya mahali tulipo kwa simu. Mtandao ulizunguka, ukazunguka, na maji yakaingia kwenye simu, ikazimika.

Upepo uliendelea kuyasukuma majani, na majani yakaisukuma boti. Mbao zikaanza kulia. Ni sauti ndogo, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole, ila inatoka chini ya miguu yako. Maji yakaanza kuingia kati ya mbao. Mwendesha boti akagawa vibuyu vya plastiki vilivyokatwa, watu wakaanza kuchota na kumwaga. Sasa kila mtu alikuwa amevaa jaketi yake.

Hapo ndipo kaka mkubwa wa yule mama wa mlimani aliposimama. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili, suti ya kijivu. Aliyatazama yale majani yaliyoshikamana, mazito, yamejaa maua, na macho yake ya mkulima yakamdanganya.

"Hii inaweza kukanyagika," akasema. "Nitasimama hapa niisukume boti."

"Mzee, hapana! Kaa!" mwendesha boti akapiga kelele.

Alikuwa ameshavusha mguu. Majani yalimbeba kwa muda wa kupumua mara moja, kisha yakafunguka, akazama hadi kwapani. Jaketi ilimshika asiende chini zaidi, lakini miguu yake ilikuwa imenaswa na mizizi, na boti ilikuwa ikimsogelea kwa upepo. Dada yake alipiga yowe kwa lugha yao akimwita Mungu: "Ngai! Ngai!" Watu wa benchi la kushoto wote waliruka kwenda ubavu ule, na boti ikainama hivi kwamba niliona majani yakiingia ndani juu ya ukingo.

"Katikati!" Mwendesha boti alikuwa analia sasa, mtu mzima analia. "Kaeni chini katikati, tutapinduka!"

Ni Dani aliyefanya la maana. Alikuwa amefungua leso yake kubwa kiunoni. Alirusha ncha moja kwa yule mtu majini, akaizungusha ncha nyingine mkononi mwake, na wanaume wa benchi la kulia wakaja kwa magoti, wakamshika Dani kiuno, wakavuta. Mimi nilishika mguu wa mtu, sijui ni wa nani. Alipotoka alitoka na mizizi myeusi imemfunika kama nywele, na kiatu kimoja. Akalala juu ya mkeka wetu akitapika maji. Dada yake akamfunika kwa mwili wake. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kwenye benchi lake. Tulikuwa tumekaa katikati wote, tumebanana, magoti ya watu wa mlimani migongoni mwa watu wa ziwani, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kukaa tusipinduke.

Kitu kikapumua karibu nasi. Pumzi nzito, yenye maji, nje ya boti, mahali nisipopaona.

"Rao," mwendesha boti akanong'ona. Kiboko.

Sitajifanya jasiri katika kusimulia. Nilijikojolea. Mvua ilikuwa imeshanilowesha, hakuna aliyejua, na ninaandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Pigeni ngoma," mzee akasema. "Ataondoka. Na watu watasikia."

Kinanda cha umeme kilikuwa kimekufa. Mhindi akakisukuma pembeni, akavuta mtungi mtupu wa mafuta, akauweka kati ya magoti, akaanza kuupiga pande mbili kama wanavyopiga ngoma kwenye harusi za kwao. Plastiki haiogopi mvua. Mtungi ule ulilia kwa nguvu. Mimi niliingiza isukuti chini ya kipande cha turubai kilichokuwa kimeanguka, nikainama juu yake ngozi isilowe, nikapiga. Mikono yangu ilifundishwa na baba na ilijua njia hata bila mimi. Mzee akagonga kwa kidole chake cha mguu. Tukapiga mdundo wa harusi, kwa sababu ndio uliokuwa ndani yetu siku hiyo. Wanawake wa pande zote mbili wakapiga makofi na kuimba, wakichanganya maneno, kila mmoja akiimba anachojua.

Pumzi ile haikusikika tena. Lakini hakuna mtu aliyekuja.

Tulipiga hadi mabega yangu yakafa ganzi. Mwanga ulianza kupungua, maji ndani ya boti yalifika vifundoni, na wachotaji walikuwa wamechoka. Ndipo tukasikia, kwa mbali sana, upande ambao mwendesha boti alidhani ni nchi kavu, sauti za watu. Walikuwa wakipiga vigelegele. Kisha zikanyamaza.

Dani alinyanyua kichwa. "Wametusikia," akasema. "Wanafikiri tunafurahi."

Nilielewa mara moja, na woga ulionipata wakati huo ulikuwa mbaya kuliko wa kiboko. Kwa watu wa ufukweni tulikuwa boti ya harusi inayochelewa kwa sababu ya sherehe. Tungeweza kupiga ngoma ile hadi tuzame nao wakitupigia makofi.

Dani akamgeukia mzee wa nyatiti. Walizungumza kwa Kijaluo, haraka, naye mzee akawa anatikisa kichwa. Alikataa, akakataa tena. Mhindi aliniinamia sikioni.

"Anamwambia apige ya msiba," akasema. "Ile ya mtu aliyepotea majini. Wakisikia hiyo, hakuna mtu atabaki nyumbani. Lakini mzee anasema haiwezekani. Bibi harusi yuko ndani na nguo nyeupe."

Nilimtazama bibi harusi. Alikuwa amelala kifuani mwa mumewe, shela imemganda usoni. Hata kwetu, kumpigia mtu aliye hai ngoma ya kifo ni kukiita kifo. Mwenyewe nilikuwa sitaki.

Bwana harusi akawaeleza watu wake kwa lugha yao. Kisha mama yake, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema na mtu yeyote wa upande wetu, akamshika Dani mkono.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "kwenu watu wakisikia hiyo, kweli watakuja?"

"Watakuja."

"Hata kama ni ya sisi?"

Dani akamtazama. "Msiba hauna sisi na nyinyi. Watakuja."

"Basi lieni," akasema yule mama. "Mimi nitalia na nyinyi. Mimi naogopa, nitalia vizuri."

Dani hakumngojea mzee tena. Alisimama kwa magoti, akaweka mikono miwili kichwani, akapiga nduru. Nimesikia nduru nyingi Kisumu, kila mtaa una misiba yake. Ile sitaisahau, kwa sababu nilikuwa karibu nayo kiasi cha kuona koo likitetemeka, na kwa sababu mwenye kulia alikuwa akitulilia sisi. Mzee akafumba macho, akaanza. Sauti yake ilishuka mahali ambapo sikujua inafika. Nyuzi za nyatiti zilikuwa zimelegea kwa maji, hazikutoa kitu, kwa hiyo akaziacha, akaimba na kugonga tu. Mimi sikuujua mdundo wao wa msiba. Nikapiga wa kwetu, ule baba alioupiga alipofariki babu, mzito, wenye nafasi kubwa katikati. Mhindi akausikiliza, akauongezea mtungi wake chini. Na yule mama wa mlimani akalia. Hakuwa anaigiza. Alilia kama mtu aliyebeba kilio hicho tangu alipoondoka kwake, na kaka zake wakaimba pamoja wimbo wa kanisani wa mazishi, kwa lugha yao, wakimkinga kaka yao aliyekuwa akitetemeka.

Kila mtu alikuwa na msiba wake, na tulikuwa tunauimba pamoja juu ya majani. Sikuona uzuri wowote wakati ule. Niliwaza kwamba hivi ndivyo watakavyotulilia kesho, na kwamba mimi nimepata bahati mbaya ya kusikia yangu mapema.

Nilimwona mwanamume wa kwanza kabla sijamsikia. Alitokea kwenye ukungu wa mvua akiwa amesimama, akisukuma mtumbwi mwembamba kwa mti mrefu, na nyuma yake mwingine anakata majani kwa panga. Halafu mitumbwi zaidi. Walikuwa wanalia wakija. Walikuja kuchukua maiti, na walipotuona tunapumua, mmoja wao alishusha mti wake akabaki ameduwaa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado," mwendesha boti akamjibu.

Waliifunga boti yetu kamba. Walikata njia, wakavuta, wakakata tena. Mmoja alimwambia mzee kwamba kweli walisikia ngoma ya kwanza, wakasema hawa watu wanapenda sherehe, hata mvua haiwaingizi nyumbani. Waliposikia ya pili waliacha nyavu chini na kukimbia.

Ufukweni kijiji kizima kilikuwa kimesimama kwenye mvua, wanawake mikono kichwani. Bibi harusi aliposhuka kwa miguu yake mwenyewe, nduru ilikatika, na hakuna aliyejua afanye nini badala yake. Hakukuwa na vigelegele. Wazee wa kike walitutazama kwa namna ambayo sikuipenda. Mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtu hawezi kuliliwa akiwa hai kisha akae ale wali kana kwamba hakuna kitu. Wengine wakaitikia. Mchungaji akaanza kuomba lakini hata yeye sauti yake haikuwa na uhakika.

Dani alipita mbele yao, leso yake imechanika, mama wa mlimani amemshika mkono. Sijui nani alimshikilia nani.

"Niliita mimi," Dani akasema. "Kama kuna neno la kuja, lije kwangu. Hawa watoto waacheni wabadilishe nguo."

Harusi iliendelea kwa upole. Chakula kililiwa. Wale kaka wa mlimani walipewa nguo kavu za wanaume wa kijiji, na yule aliyezama akavaa kanzu ya kwaya iliyomfika magotini, na hapo watu wakacheka mara ya kwanza. Wakati fulani bwana harusi alituomba tupige kidogo, angalau wimbo mmoja. Mzee hakuwa na sauti. Mhindi alinitazama, nami nikajaribu kuinua ngoma, nikagundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeushika mkanda wake na havitaki kuachia. Yule mama wa mlimani alikuja, akaketi chini karibu nami, akavifungua kimoja kimoja. Baadaye nilimwona ameketi kitanda kimoja na Dani ndani ya nyumba, wamefunikwa blanketi moja, wanakunywa uji.

Tulirudi mjini usiku ule ule, kwa barabara.

Bibi harusi hunipigia simu mara kwa mara. Wana mtoto sasa, ana afya. Mama mkwe amekwisha kuja tena, kwa gari, na anakaa kwa Dani wiki nzima. Kila bibi harusi akipiga, kabla sijamsalimu vizuri, namuuliza, "Dani yuko?" Ananicheka. Yuko, anasema, amekwenda shambani. Nafurahi, lakini simu ikikatika najikuta bado nimeishika, nikisubiri.

Asubuhi iliyofuata harusi, nilichukua ndoo kwenda bombani kama kila siku. Foleni ilikuwa ya kawaida, wanawake wa Nyalenda na mitungi yao. Zamu yangu ilipofika nikaweka ndoo, nikafungua. Maji yalipanda polepole, meusi kwa sababu ndoo yangu ni nyeusi, hata nikashindwa kuona chini. Yakafika ukingoni, yakamwagika juu ya miguu yangu, na nilijua natakiwa kufunga bomba lakini sikuweza kusogeza mkono.

"Mama, maji inamwagika!" mtu akasema nyuma yangu.

Jirani yangu, muuza mboga, alipita mbele, akafunga bomba, akanitazama usoni. Aliinua ndoo yangu, akaiweka kichwani mwake, akatangulia kuelekea chumbani kwangu, nami nikamfuata kwa nyuma, mbali kidogo, nisirushiwe matone.